Maoni Kabla ya Chai

Siku hizi sipendi filamu ya mwanamuziki inayoanza na mazishi. Niko kwenye kikundi cha WhatsApp cha mashabiki wa rock, ambamo nadhani mimi ndiye mama wa watu wote, na vijana wa humo huniuliza kwa nini. Wao huangalia dokumentari ya mpiga gitaa fulani Ijumaa, na Jumamosi asubuhi simu yangu haitulii. Huyu anasema mke wa marehemu amesemwa vibaya, yule anasema mpiga ngoma ndiye aliyekuwa na kipaji, mwingine ambaye hajafika hata nusu anaandika kwamba hiyo ni moto, kisha anaenda zake. Mimi hubishana nao. Napenda kubishana na sitajifanya mtakatifu. Lakini filamu ikianza na jeneza na mashabiki wanaolia nje ya lango, naizima, nachukua ufagio, nafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nimewaambia ni macho, kwamba mwangaza wa simu unaniumiza. Si macho.

Miezi michache iliyopita Jayesh, rafiki wa ujana wangu, alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Karatina, ambako nauza madaftari na kalamu. Mimi na Jayesh tulikuwa tumebaki watu wa kutumiana salamu za Krismasi na za Diwali. Akaniambia wanafunga duka la vitambaa la babake pale Nyeri mjini, kwamba mzee alishafariki na mama amehamia Nairobi kwa binti yake, na kwamba walipokuwa wakitoa vitu stoo alipata ile kanda ya video. Hakusema kanda gani, na mimi sikuuliza. "Iko na kitu mwisho," akasema. "Kitu hatukuwahi kuona. Nimeambia Mwalimu akuje Jumapili. Na wewe ukuje." Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema, "Wacha kuniuliza kwa simu, Muthoni." Nikakaa juu ya katoni ya karatasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini na tano nilikuwa nimejiuliza swali moja tu kuhusu kanda hiyo, kama mwenzetu Kibuchi aliyasikia maneno yangu ndani yake kabla hajaondoka. Sasa nilijua nitajibiwa, na niliogopa.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana lawama yoyote katika jambo hili. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kujua kama nitaenda chuo, nikapata kazi ya kupima vitambaa kwa babake Jayesh. Duka lilikuwa refu na jembamba. Nyuma yake kulikuwa na stoo iliyojaa majora ya vitambaa vya suti na vya mapazia mpaka darini, na vitambaa vile vilikuwa vinameza sauti. Ungeweza kufungulia televisheni mpaka mwisho na mtu aliye barabarani asisikie kitu, na ndiyo sababu stoo ile ikawa kanisa letu la pili. Jumapili saa nane, duka likiwa limefungwa na watu wameshatoka ibadani, Jayesh alikuwa anatufungulia mlango wa nyuma. Tulikalia majora, na kila wiki tuliambiwa tusikalie yale meupe. Mle ndani kulinukia kitambaa kipya, na tangawizi, na udi wa Mama Jayesh ulioshuka ngazi kutoka ghorofani walikoishi. Hata leo nikipita karibu na duka la fundi wa suti, harufu ile ya kitambaa kipya hunisimamisha kidogo, na watu hudhani nataka kununua.

Kanda zilitoka kwa mjomba wa Jayesh huko Uingereza. Alikuwa anazirekodi moja kwa moja kutoka televisheni ya kwao na kuzituma na mtu yeyote aliyekuwa anasafiri, na zote zilikuwa dokumentari za wanamuziki wa rock, kwa sababu huyo mjomba alikuwa mgonjwa wa rock kuliko sisi. Mwisho wa kila kanda kulikuwa na utabiri wa hali ya hewa ya miji ambayo hatungeifikia, na tuliuangalia huo pia mpaka ukaisha. Tulikuwa wanne. Jayesh mwenyewe, aliyekuwa akipiga picha za video kwenye harusi na kamera kubwa ya kubeba begani. Mwalimu Gathogo, aliyefundisha fizikia katika shule moja nje ya mji, na ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akivaa tai ili asikilize gitaa. Kibuchi wa Mweiga, fundi wa vyerehani, ambaye kila Alhamisi alikuja kurekebisha mashine za washonaji wa kwenye veranda yetu. Na mimi, mwenye miaka kumi na tisa, mdogo kuliko wote na, kwa maoni yangu ya wakati huo, mwerevu kuliko wote.

Sheria ilikuwa ya Mwalimu. Hakuna chai kabla ya maoni. Filamu ikiisha, chupa ya chai ilikaa katikati ikiwa imefungwa, na kila mtu alisema alichokiona, kuanzia mdogo hadi mkubwa, ili mdogo asijifiche nyuma ya maneno ya mkubwa. Na kulikuwa na maneno mawili yaliyopigwa marufuku, "iko sawa". Ukisema iko sawa, unaanza upya. Nilianza mimi, akafuata Kibuchi, akafuata Jayesh, na kila mtu akimaliza Mwalimu alisema "Next" kana kwamba yuko darasani. Zamu yake ilikuwa ya mwisho na ilikuwa ndefu. Mama Jayesh alitutumia chevda, vitafunio vyao vya pilipili, kwenye bakuli la chuma, na mke wa Mwalimu alituma nduma zilizofungwa kwa kitambaa. Siku moja Mwalimu alijisahau akaja na mutura, utumbo uliojazwa nyama, ndani ya gazeti. Mama Jayesh, ambaye nyama haikuingia nyumbani kwake, aliinusa akiwa juu ghorofani, nasi tukaimalizia uani tumesimama kwa mstari kama watoto walioadhibiwa.

Nayakumbuka maoni kuliko filamu zenyewe. Jayesh aliona picha tu. Mwimbaji angeweza kuwa analia kwa ajili ya mtoto wake, naye Jayesh akasema taa imewekwa vibaya. Mwalimu alitaka kuona mazoezi, vidole vikikosea na kurudia, na alisema dokumentari isiyoonyesha mazoezi ni uvumi tu. Kibuchi alikuwa na lalamiko moja, na alilirudia kila wiki. "Wanakata wimbo," alikuwa akisema. "Mtu anaanza kuimba, anafika mahali tamu, halafu wanaleta mzee mwingine kwa kiti aongee. Si wangoje amalize? Mimi siku moja nataka kuona wimbo imeisha." Nami nilimpenda yule rafiki mchungu. Katika kila dokumentari yupo, rafiki wa zamani aliyekaa karibu na dirisha, ambaye wengine wote wakisifu yeye husema ukweli mmoja unaokata, kisha anaangalia chini. Niliona huyo ndiye aliyempenda marehemu kweli. Sasa naona alikuwa mtu aliyepewa kiti kizuri tu.

Kwa maana katika kanda zile karibu kila mtu alikuwa marehemu. Mama Jayesh alishuka siku moja kuchukua bakuli, akasimama mlangoni na kuangalia jeneza likipita kwenye skrini. "Kila Jumapili mtu nakufa kwa duka yangu," akasema. "Hakuna mwanamuziki nakaa mzima?" Mwalimu akamweleza kwa heshima kwamba wako, Mama, lakini hao hawatengenezewi filamu. Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga chevda.

Kibuchi alikuwa na gitaa la umeme alilolinunua kwa kanisa moja la Mweiga baada ya kanisa hilo kupata kinanda. Asubuhi ya Jumapili aliwapigia nyimbo za kuabudu, mchana akaja nalo kwetu likiwa ndani ya gunia la viazi. Mikono yake ilinuka mafuta ya cherehani. Alikuwa na tabia ya kufumba jicho moja anapotafuta noti, kama anavyofanya fundi anapotia uzi kwenye sindano, na mimi nilikuwa nikimtazama jicho lile kuliko vidole. Nilimpenda. Naweza kuliandika hilo sasa kwa sababu mume wangu analijua na hulichekea. Wakati huo sikumwambia mtu, sembuse Kibuchi mwenyewe. Nilimwonyesha kwa njia niliyoijua, ambayo ilikuwa kumkosoa.

Katikati ya mwaka bendi moja kutoka Nairobi ilipita ikielekea Nanyuki kupiga muziki kwenye hoteli. Mpiga gitaa wao alikuwa ameugua, na mshonaji mmoja wa verandani akawaambia kuna kijana wa vyerehani. Walimsikiliza stoo kwetu, wakamwambia twende, na huko Nanyuki tukielewana, twende pia Nairobi. Kibuchi akatia gitaa ndani ya gunia, akaenda. Nililia usiku ule na nikafurahi, vyote pamoja. Kesho yake saa tano asubuhi nilimwona verandani, amelala chini ya cherehani ya mtu akikaza skrubu. "Nilishuka Chaka," akaniambia. Hapo ni mwanzo tu wa njia ya Nanyuki. "Nikakula nyama, nikafikiria kidogo, nikarudi." Nikamuuliza, "Ulifikiria nini?" Akasema, "Mambo." Nikamngoja aseme zaidi, naye akaniomba nimpe bisibisi. Kuanzia siku hiyo, mtu akianza jambo asimalize, tulisema amefika Chaka. Aliyeanzisha msemo huo ni mimi.

Wazo la kutengeneza dokumentari yetu lilikuwa la Jayesh. Kamera ilikuwako, mwanamuziki alikuwako. Mwalimu akaandika mpango mzima kwenye daftari la fizikia: kuzaliwa Mweiga, kanisa, gitaa, bendi ya Nairobi, kuanguka, kisha marafiki watoe maoni. Shida ilikuwa mwisho. Tulizoea mwisho wa aina moja tu, na kwa hivyo Mwalimu akasema tujifanye miaka imepita na Kibuchi hayuko tena. Kibuchi alikuwa wa kwanza kucheka. "Sawa, niueni," akasema. "Bora mniue vizuri." Mwalimu akampiga marufuku kuwepo siku ya maoni, kwa sababu mtu hasemwi mbele yake, akamwambia ataiona filamu ikiwa imekamilika.

Tulirekodi siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana. Mlango wa stoo uliachwa wazi ili mwanga uingie, na yule mshonaji aliyempendekeza Kibuchi kwa bendi alisikia yote akiwa kwenye cherehani yake. Akaja mlangoni na mkasi mkononi. "Nyinyi mnaombolezea nani?" akauliza. Jayesh akamwambia ni Kibuchi. "Kibuchi si nimemwona leo akinunua mandazi?" Tukamweleza kuwa ni mchezo. Hakucheka. Alisema kwao mtu mzima hasemwi hivyo, hiyo ni mugiro, jambo lisilofanywa, na kama tumekosa la kufanya kuna vitambaa vya kukunja. Akarudi kazini. Mwalimu akasema huo ni ushirikina, akafunga tai yake vizuri, akaketi kwenye kiti na kumlilia Kibuchi kwa dakika kumi na mbili.

Zamu yangu nilikaa karibu na dirisha. Nilikuwa nimechagua mahali hapo kwa makusudi. Mwalimu akaniuliza kutoka nyuma ya kamera Kibuchi alikuwa mtu wa aina gani, nami nikanyamaza kidogo kwanza, jinsi nilivyowaona wakinyamaza. Kisha nikasema: "Angeweza kufika mbali. Lakini alikuwa mwoga. Alikuwa anapiga gitaa kama mtu anayebisha mlango huku akiomba usifunguliwe." Nikaangalia chini. Jayesh akasema polepole, "Muthoni, hiyo ndiyo filamu." Mwalimu alinipigia makofi. Nilikuwa nimeitunga sentensi hiyo kwa siku mbili, nikipima mapazia ya watu na kuirudia moyoni, na niliposikia makofi nilifurahi kuliko nilivyofurahi matokeo yangu ya mtihani yalipokuja.

Jumapili iliyofuata Kibuchi hakuja. Tulimngoja kwa nusu saa na tukaweka kanda nyingine ya mjomba. Jumatatu washonaji wakasema ameenda Wang'uru, kwa binamu yake mwenye mashine ya kukoboa mchele, na kwamba aliondoka Jumamosi na lori. Hakuaga mtu. Jayesh alikuwa ameinamia kitabu cha risiti, akaniambia bila kuinua kichwa kwamba Alhamisi Kibuchi alimwomba funguo za stoo, akakaa humo muda mrefu, kisha akamrudishia funguo na kwenda. "Kanda ilikuwa huko?" nikamuuliza. Akasema ilikuwa huko, pamoja na kamera. "Aliiangalia?" Akasema hajui. Sikuuliza tena, na Jumapili iliyofuata kanda ile haikuonekana rafuni, na sikumuuliza aliiweka wapi.

Kutoka Nyeri mpaka Wang'uru si safari. Unaondoka baada ya chai ya asubuhi na unakula chakula cha mchana huko, wali wa kwao, na jioni uko kitandani kwako. Hatukwenda. Kila Jumapili mmoja wetu alisema tungeenda, na wengine wakasema ndiyo, wiki ijayo. Nimejaribu kuwaeleza watoto wangu sababu na naona hawanielewi, kwa hiyo nitaiandika wazi hapa. Tulikuwa tumeangalia kanda nyingi mno. Katika kila moja kundi linavunjika, mtu anaondoka bila kuaga, na marafiki hawasemezani miaka kumi, mpaka siku moja wanakutana wakiwa na mvi na kukumbatiana huku gitaa likilia taratibu. Tulidhani ndivyo watu wa muziki wanavyokosana. Tulikuwa watu wazima, mmoja wetu amesomea fizikia, na tulingoja ile sehemu ya kukumbatiana.

Alikufa kabla mwaka haujaisha. Ilikuwa malaria. Mtu aliyekulia baridi ya Mweiga, mbu wa Wang'uru wanamjua akishuka tu kwenye gari, na binamu yake alidhani ni mafua mpaka wakawa wamechelewa. Tulimzika kwao, kwenye shamba la viazi, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyoisha. Mwalimu aliitwa aongee kwa niaba ya marafiki. Akasimama na tai yake, akaanza, na baada ya maneno machache nikainua kichwa. Yalikuwa maneno yale yale. Alikuwa anayasema kwa uchungu wa kweli, machozi yanamtoka, na yalikuwa neno kwa neno yale aliyoyasema kwenye kiti kile stoo. Nadhani hakujua. Jayesh alijua, kwa sababu alinishika mkono. Walipouliza kama kuna rafiki mwingine nilitikisa kichwa. Yangu nilikuwa nimeshayasema.

Tulipokuwa tukinawa mikono, mama yake Kibuchi alinijia. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, amejifunga leso mbili. "Wewe ndiye Muthoni," akasema. "Alikuwa anakutaja." Akaniambia huko Wang'uru kijana wake alikuwa anafua shati jeupe kila Jumamosi na kulipiga pasi, ati kuna watu watakuja Jumapili kumpiga picha na kamera. Binamu yake ndiye aliyemsimulia. "Ni hiyo homa," mama akasema. "Ilianza na kichwa. Ilikuwa inamwonyesha vitu." Nikamwambia ndiyo, Mama, ni homa. Nililisema hilo nikiwa nimemshika mikono yote miwili.

Mwaka uliofuata nilienda chuo, Mwalimu akahamishwa shule, na Jumapili zikaisha. Nimeangalia dokumentari nyingi tangu siku hizo, na karibu na dirisha kila mara kuna mtu ninayemjua. Usingizi ukikataa huwa nasikia sentensi yangu kwa sauti ile ya miaka kumi na tisa, inayojipenda. Niliwahi kumwungamia mchungaji. Akaniambia maneno hayaui mtu, mbu ndiye anayeua. Ni kweli, na haikunisaidia.

Basi Jumapili hiyo nilienda Nyeri. Jayesh amenenepa na anavaa miwani. Mwalimu amestaafu, sikio lake moja limekataa kazi, na alikuwa amefunga tai. Tulisalimiana kama watu walio matangani. Stoo ilikuwa tupu. Majora yote yalikuwa yameuzwa, na nilipotamka "hamjambo" sauti yangu iligonga kuta ikanirudia, nikaruka. Katika chumba kile sikuwahi kusikia mwangwi. Jayesh alikuwa ameweka viti vitatu vya plastiki, kompyuta juu ya katoni, na sakafuni katikati chupa ya chai. Akatuambia kwamba aliificha kanda siku ile ile tuliposikia Kibuchi ameenda. "Nilijua ameiangalia," akasema. "Aliponirudishia funguo, mashine ya video ilikuwa bado ina joto. Nilikudanganya, Muthoni. Niliona aibu, nikaitia kwa mkebe, sikuifungua tena." Mwaka huu aliipeleka kwa mtu wa Nairobi anayehamisha kanda za zamani. Huyo mtu ndiye aliyempigia simu kumwuliza ni nani anayepiga gitaa mwishoni.

Tukaangalia. Mwalimu kijana akalia dakika zake kumi na mbili, na Mwalimu mzee akaweka mkono juu ya mdomo. Nikajiona dirishani, shingo nyembamba, nikinyamaza kwanza. Nikasema niliyosema. Kuta tupu zikayarudia. Kisha picha ikakatika, ikawa nyeusi, na ilipowaka tena alikuwa Kibuchi, ameketi juu ya jora, jora jeupe, gitaa mapajani.

"Taa nyekundu iko," akasema. "Basi inashika. Mimi nimeona filamu. Jumapili sitakuwa, so natoa maoni yangu saa hii. Sitasema iko sawa." Akacheka. "Jayesh, ukicheka camera inatingika. Mwalimu, umeongea mpaka mimi mwenyewe nimeanza kujililia. Muthoni." Hapo akafumba jicho moja, kama anayetafuta noti. "Muthoni, hiyo ya mlango ni nzuri. Imeniuma, lakini ni nzuri, usiitoe. Sasa kuna kitu moja imekosekana. Ni mimi. Watu wote wanaongea na mimi siko, na niko. Jumamosi naenda Wang'uru, cousin amenipatia kazi kwa mashine ya mchele. Mkuje huko na camera, Jumapili yoyote, nitakuwa nimevaa vizuri. Nitawaambia mambo ya Chaka, kwa nini nilirudi. Hiyo ndiyo muweke mwisho. Na hii, msiikate."

Akapiga wimbo. Ulikuwa wake mwenyewe, sikuwahi kuusikia. Gitaa la umeme lisilo na umeme, sauti ndogo kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, lakini stoo ilikuwa tupu na iliupokea wote. Ulifika mahali patamu, ukapita, ukaendelea, na hakuna mzee yeyote aliyeletwa kwenye kiti aongee. Ulipoisha alingoja mpaka nyuzi zikanyamaza zenyewe. Kisha akainuka, akaja karibu mpaka shati likaziba picha, na ikazima.

Niliyokuwa nimeyaogopa miaka yote hiyo yalikuwa ya kweli, aliyasikia, yalimuuma. Na hilo halikuwa kitu. Nilifikiria shati jeupe. Nilihesabu Jumapili kati ya lori lile na lile kaburi, nikaacha kuhesabu.

"Muthoni," Mwalimu akasema. "Mdogo ndiye anaanza."

Nikajaribu. Nikasema kamera haikutingika. Nikasema wimbo umeisha, nimefurahi umeisha. Halafu nikasema, "Ile ya mlango nilikosea. Huyu alibisha vizuri. Alibisha na akatuambia yuko wapi. Ni sisi hatukufungua."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa mazoea tu, akasema, "Next."

Baada yangu siku zote ilikuwa zamu ya Kibuchi. Jayesh hakuichukua zamu hiyo, naye Mwalimu hakumharakisha. Tulikaa hapo tukingoja, na chai ilikuwa bado ndani ya chupa.